Home Assistant nyumbani kwangu: taa, pampu na kamera visivyotegemea seva ya mtu

Nyumbani kwangu Mbezi, Dar es Salaam, taa za nje, pampu ya maji na kamera ya getini vyote vinaendeshwa na Home Assistant. Ni programu huria, nimeiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyo pembeni ya ruta. Nikigusa kitufe cha taa kwenye simu, amri inapita kwenye waifai ya nyumba, inafika kwenye swichi, taa inawaka. Haiendi ng'ambo kwanza ndipo irudi. Ndugu na majirani wakiniuliza wanunue kifaa gani, huwaambia kwamba kabla ya bei waulize kifaa hicho kitakuwa kinaongea na nani.

Nilianza kuitafuta kwa sababu ya kamera. Ile ya kwanza ilikuja na programu yake ya simu, na programu hiyo ilitaka kusoma namba zote nilizohifadhi, kujua nilipo na kutumia maikrofoni. Kamera ya kutazama geti inataka namba za ndugu zangu za nini? Nilipofungua ruta na kutazama mawasiliano, niliikuta inazungumza na seva za nje usiku na mchana, hata saa ambazo hakuna mtu anayeitazama. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini picha ikishatua kwenye seva ya nchi nyingine, kuidai ni safari ndefu. Mimi nataka isitoke kabisa.

Na kuna mtu ambaye katika mazungumzo haya hatajwi: dada wa kazi. Kamera ya sebuleni inamrekodi yeye kuliko inavyomrekodi mwizi yeyote. Anapopika, anapombembeleza mtoto, anapopumzika mchana, yote yanapelekwa kwa kampuni ambayo hajawahi kukubaliana nayo lolote. Ndani ya nyumba yangu sikuweka kamera, na iliyo nje nimeifungia intaneti kwenye ruta. Picha zake zinachukuliwa na Frigate, programu huria nyingine, kwenye kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika. Hapo hapo inatambua kama aliyepita ni mtu, gari au paka. Ukifunga intaneti namna hii, saa ya kamera itaanza kwenda kombo kwa sababu haina pa kuulizia muda, kwa hiyo ielekeze kwenye seva ya saa iliyo ndani ya mtandao wako.

Home Assistant ilianzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Imeandikwa kwa Python, msimbo wake uko wazi, na tangu Aprili 2024 iko chini ya Open Home Foundation, taasisi iliyosajiliwa Uswisi. Jambo hili la umiliki nalipa uzito kuliko vipengele vyote vinavyong'aa kwenye skrini. Mwaka 2016 kifaa cha Revolv cha kuendesha vitu vya nyumbani, kilichouzwa takriban dola 300, kilizimwa baada ya kampuni yake kununuliwa na Nest, na wenye nacho wakabaki na plastiki tupu. Mwaka 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa kama hivyo, zilizimika bila taarifa. Watu walikuwa wamelipia vifaa, lakini ruhusa ya kuvitumia ilibaki mkononi mwa mwingine. Kumbukumbu za Home Assistant zinakaa kwenye diski yangu, na za kina inazifuta yenyewe baada ya siku 10 usipobadilisha. Takwimu za matumizi haitumi mpaka ukubali mwenyewe.

Sasa pampu, maana ndiyo iliyomfanya mke wangu aikubali kazi hii yote. Maji ya mgao yanaingia kwenye tangi la chini saa yanazotaka yenyewe, mara nyingi usiku wa manane, kisha yanatakiwa kupandishwa kwenye simtanki la juu. Nimefunga sensa ya JSN-SR04T, inayopima kwa sauti maji yako umbali gani na isiyoharibika kwa maji, kwenye mfuniko wa kila tangi, na chipu ya waifai ya ESP32 inayoendeshwa na programu ya ESPHome. ESPHome haihitaji ujue kuandika programu: unaeleza kwenye faili fupi pini ipi ina kitu gani, inakutengenezea kilichobaki. Sensa hiyo haioni kitu kilicho karibu nayo chini ya sentimita 20 hadi 25, kwa hiyo inuliwe juu kidogo kwa kipande cha bomba, la sivyo tangi likijaa itakupa namba za ajabu. Kanuni niliyoandika inasema tangi la juu likishuka chini ya theluthi, na la chini likiwa na maji ya kutosha, pampu iwake. La juu likijaa, au la chini likikaribia kukauka, izime. Hakuna tena kuamshana usiku, wala pampu kuzunguka kavu mpaka iungue.

Tafadhali usiunganishe pampu moja kwa moja kwenye swichi ndogo za kisasa. Hata ikiandikwa ampia 10, mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ule wa kawaida wake, na mguso wa ndani utaganda. Fundi umeme wangu aliweka kontakta, yaani swichi kubwa inayohimili umeme wa mota, na swichi ndogo inaamuru kontakta tu. Kazi ya waya za ukutani mwachie fundi.

Kwa taa nina aina mbili. Kuna swichi za Sonoff za zamani zenye chipu ya ESP8266, ambazo nilizifuta programu ya kiwandani na kuziwekea Tasmota, programu huria ya Theo Arends. Kuziwekea programu mpya kunataka kulehemu pini na subira, na kifaa kiwe kimechomolewa kabisa kwenye umeme wa ukutani, kwani ndani yake waya wa data umegusana na ule wa volti 230. Asiyetaka shughuli hiyo anunue swichi ya Shelly: inakubali kuendeshwa ndani ya nyumba bila kubadilishwa chochote, na huduma yake ya mbali inazimika kwa kubofya mara moja.

Ubora wa mpango huu niliuona Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Taa zangu ziliwaka magharibi kama kawaida na maji yalipanda. Jirani yangu, ambaye swichi zake zinasubiri jibu kutoka nje, alirudi kwenye kuwasha kwa mkono. Lakini hata bila nyaya kukatika, kifurushi kikiisha tu, tofauti ni ile ile.

Kinachoitesa Home Assistant kwetu ni umeme. Ukikatika ghafla mara kwa mara, memori kadi inaharibika, na ndiyo sababu nashauri utumie diski ya SSD na UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inayobeba Raspberry Pi pamoja na ruta. Bakapu iwe ya kujiendesha na ihifadhiwe kwenye mashine nyingine.

Kuifikia nyumba ukiwa safarini pia si rahisi. Intaneti ya laini za simu kwa kawaida haikupi anwani yako mwenyewe ya nje, kwa hiyo WireGuard ya kawaida, programu ya kuunganisha simu na nyumba kwa njia ya siri, haifiki. Natumia Tailscale, inayokwepa kikwazo hicho, nayo inafanya kazi vizuri, ila seva yake ya kuratibu si huria. Mwenye msimamo mkali zaidi ana Headscale, seva huria ya kuchukua nafasi ya hiyo. Kampuni ya Nabu Casa inauza huduma ya kuifikia nyumba ukiwa mbali, ya kulipia kila mwezi, rahisi kuliko zote, na fedha hiyo inawalipa wanaoitengeneza programu yenyewe. Kwenye Android, programu ya simu ya Home Assistant iliyo kwenye duka la Google inapitisha arifa kwenye seva za Google. Ile ya F-Droid, duka la programu huria, haifanyi hivyo, lakini arifa zake zinataka uwe umeunganishwa na nyumba.

Malalamiko yangu ni mawili. Toleo jipya hutoka kila mwezi na mara nyingine hubadilisha kitu kilichokuwa kikifanya kazi, basi nasoma maelezo yake kwanza na kusubiri wiki moja au mbili. Pili, maelezo karibu yote ya maana yako kwa Kiingereza, jambo linalowafungia nje mafundi wazuri sana ninaowafahamu. Nimeanza kuyaandika ya pampu kwa Kiswahili, pamoja na mchoro wa waya na faili la ESPHome, na fundi wangu anayahakiki upande wa kontakta.

Anayeanza anunue Shelly moja ya taa ya nje, aiweke Home Assistant hata kwenye kompyuta ya zamani aliyonayo, akae nayo mwezi. Tangi na kamera vifuate baadaye.