Zehnder's ya Frankenmuth: hoteli ya ukoo iliyosimama kwa kuku

Tangu niliporejea Unguja kutoka kumzuru kaka yangu katika jimbo la Michigan, Marekani, wazee wa barazani kwetu Malindi wananiuliza habari za hoteli moja ya chakula kuliko habari za safari yenyewe. Hoteli hiyo ni Zehnder's, iliyopo Frankenmuth, mji mdogo ulioasisiwa mwaka 1845 na Walutheri 15 kutoka Franconia, Ujerumani, waliokwenda huko kuhubiri dini kwa Wachippewa, wenyeji wa ardhi ile.

Jengo lilianza kuwa nyumba ya wageni mwaka 1856. Mwishoni mwa miaka ya 1920 lilinunuliwa na William Zehnder na mkewe Emilie, wakalipa sura ya Mount Vernon, nyumba ya George Washington, na wakafungua Siku ya Mama ya mwaka 1929, miezi michache kabla ya masoko ya hisa ya Marekani kuporomoka. Nililitafakari sana jambo hilo nikiwa mezani, kwa sababu mtaani kwetu palikuwa na mkahawa wa ukoo mmoja, wenye sifa ya biriani ya Ijumaa, uliofungwa mara tu mzee mwenyewe alipofariki, kwani vipimo vyote vya viungo alikuwa navyo kichwani na hakuna mtoto aliyekuwa amefundishwa. Akina Zehnder waliwaingiza watoto wao katika kazi, na mwaka 1950 ukoo ukanunua hata Fischer's, hoteli iliyokuwa ng'ambo ya barabara, ambayo leo ni Bavarian Inn.

Chakula huletwa kwa mabakuli makubwa, kila mtu akajipakulia, na kikipungua huongezwa. Kwa sisi tuliozoea kuzunguka sinia, ukarimu wa namna hiyo hauhitaji kufafanuliwa. Kuku wa kukaanga ndiye aliyeupa mji jina, lakini mimi sikumla, kwa kuwa hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Jirani wa kaka yangu, Mmarekani aliyetualika, alijipakulia mara tatu na akasema ladha ni ile ile aliyoijua utotoni alipokuwa akiletwa na bibi yake. Nilichokula mwenyewe ni mkate uliokuwa ungali na moto, saladi ya kabichi yenye ukali wa siki, na viazi vya kuponda vilivyopikwa kwa siagi bila ya ubahili. Mkate ndio ulionikaa moyoni.

Atakayejaaliwa kufika aende siku ya kazi, mapema, kwani ukumbi unachukua watu zaidi ya elfu moja na bado Jumapili foleni hufika nje. Muislamu na amweleze mhudumu kabla ya kuagiza: supu ya tambi huwa ni ya kuku.