Soksi za kubana: tazama ukingo wa juu kabla ya rangi

Malalamiko ya wasusi na mama ntilie wa Ngamiani, Tanga, yanafanana. Soksi za kubana zimenunuliwa kuzuia vishipa vya buibui, yaani vishipa vyembamba vinavyojitokeza chini ya ngozi kama utando wa buibui; jioni zinavuliwa, na chini ya goti pana mfereji uliozama huku kifundo kimevimba kuliko asubuhi. Lawama huangukia mguu, kumbe mwenye kosa ni ukingo wa juu wa soksi.

Damu ya miguuni hupandishwa na misuli ya kigimbi, na vali, yaani vilango vidogo ndani ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), huizuia isirudi chini. Ukisimama kutwa, ukiwa mjamzito, au ukirithi vali dhaifu, damu hutuama na vishipa vya chini ya ngozi hutanuka. Soksi ya kweli hubana zaidi kwenye kifundo, kisha hulegea kadiri inavyopanda. Inayobana zaidi chini ya goti ni kamba tu: inaifungia damu njia. Vaa saa moja, vua, tazama alama. Alama nzito ikiwa juu, irudishe soksi dukani. Na ikiwa ndefu usikunje ukingo. Tabaka mbili hubana maradufu mahali pabaya kabisa.

Chapa ya kwanza kwetu ni JOBST, na upendeleo huu hatuufichi: soksi ya kuishia chini ya goti, 15–20 mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha nguvu ya kubana), vidole wazi kwa ajili ya joto la Tanga. Mwanzilishi wake, mhandisi Conrad Jobst, aliugua vena mwenyewe, akaona miguu inapata nafuu akisimama bwawani, kwa kuwa maji hukandamiza zaidi kadiri kina kinavyoongezeka. Medi ya Ujerumani inaifuata kwa karibu; daraja lake la kwanza la kubana ni 18–21 mmHg. Kuanzia 20–30 mmHg muone daktari kwanza. Soksi za safari ya ndege ni za tatu, iwapo boksi lina jedwali la sentimita. Za "saizi moja" ziache zilipo.

Pima asubuhi, mguu haujajaa, kwa futi ya fundi cherehani: mzingo wa kifundo palipo pembamba juu ya mfupa, kigimbi palipo pana, na urefu kutoka sakafuni hadi mkunjo wa goti. Pima miguu yote miwili. Hapa wauzaji wanatukera kweli. Boksi wamelitupa, namba za mmHg hazipo, mteja anakadiriwa kwa macho, na bei inatajwa baada ya mkoba kutazamwa. Kitu cha kubana mishipa ya damu kinauzwa kama kitenge! Tena wanaapa kuwa kinafuta vishipa. Hakifuti. Soksi hupunguza uvimbe na uzito wa miguu. Vishipa vilivyokwisha kujitokeza huondolewa kwa sindano maalumu au leza, na vingine vipya vyaweza kuja.

Nunua jozi mbili za kupokezana. Fua kwa mkono, maji vuguvugu, bila dawa ya kulainisha nguo. Usikamue, anika kivulini. Baada ya miezi 6 hivi mpira huchoka, hata kama kitambaa bado kizuri.

Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, au mwenye maumivu ya kigimbi kila atembeapo, asivae kabla ya kupimwa. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata moto, soksi si dawa yake: nenda hospitali ya Bombo siku hiyohiyo.