Fundi wa kinga (baiskeli) pembeni ya soko ya Kenya, hapa Lubumbashi: bazee benzangu, muende kwake

Naandikia bazee benzangu ba Lubumbashi benye kinga yabo inalala mu nyumba na vumbi juu. Miye niko na myaka 68, nilitumika ku rail myaka mingi, na kinga niliiacha tangu goti ya kuume ilianza kusumbua. Si juu ya kukanyaga, kukanyaga hakuumi, shida ilikuwa kupitisha muguu juu ya ile bomba ya katikati, siku moja nikaanguka nayo pa mulango ya lupango na batoto banaangalia. Nikasema basi, imeisha.

Mujukuu wangu njo alinipeleka kwa uyu fundi. Hakuangalia kinga kwanza. Aliuliza: "Papa, ni goti gani?" Kisha akaleta moja ya okazio (iliyokwisha kutumika), ya kimama, bomba imeinama chini, unaipita vile unavuka kizingiti. Nikakaa juu, yeye anashika gido (usukani), akasema: "Muweke kisigino ku pedali, muishushe mpaka chini kabisa." Muguu ikanyooka sawa. "Njo hapa seli, kiti ya kinga, itabakia." Akakaza buloni. Ukikanyaga sasa na mbele ya muguu, goti inakunjika kidogo tu pedali ikiwa chini, na uzito mingi ya mwili inabebwa na seli. Siye tangu batoto tulikuwa tunashusha seli juu miguu iguse udongo, kumbe njo ile inachokesha magoti!

Dola 60 kinga, dola 8 kazi. Gurudumu ya nyuma aliipanga reyon (bile vyuma vyembamba vya gurudumu) mupya zote, na ile kazi anaijua kabisa, sababu kila siku anatengenezea batu ba makala, bale benye kutoka njia ya Kasenga na magunia inapita kichwa yabo. Tangu mwezi wa saba mpaka leo haijayumba hata kidogo.

Mabaya iko. "Kesho" aliniambia mara tatu. Na freni: ku jua inashika muzuri, lakini janti (duara ya gurudumu, pale freni inashika) ni ya chuma, mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ikaniteleza mpaka katikati ya njia, moyo inapiga. Nikamurudilia, akabadilisha mipira ya freni bure, akanifundisha mu mvua nishike mapema, kidogo-kidogo, maji itoke ku janti kwanza. Inasaidia kweli, lakini angeniambia mbele ya kuuza.

Sasa asubui saa kumi na mbili natoka, napita Kamalondo, nafika mujini, narudi. Mwezi wa kumi maua ya jakaranda ilikuwa imelala mu njia, gurudumu inapita juu bila sauti. Mbele ya kupanda naweka mukono ku seli, nasema aksanti Mungu, goti inapinda, macho inaona. Mujukuu alinionyesha ku telefone Mufaransa moja, Robert Marchand, mwaka 2017 akiwa na myaka 105 alikanyaga kilometa 22 na nusu kwa saa moja. Miye kwa saa moja ni pengine 9, pamoja na kusimama kusalimia batu, na narudi nyumbani na furaha ya siku nzima.

Muende mbele ya saa mbili, batu ba makala bakifika hamutapata nafasi. Mubebe shambrera (mupira ya ndani) yenu mupya, zake za okazio zinatoka hewa. Na mwenye kusikia haya juu ya kinga ya kimama, aniite, siku ya kwanza tutatoka pamoja.