Ubao wa herufi uliomwambia mwanangu "jaribu tena" wakati amepatia

Naandika nikiwa bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Nilinunua ubao wa herufi unaozungumza, ule wa plastiki wenye vitufe 26, kila kitufe na herufi yake na picha pembeni. Kwenye boksi wameandika kwa maandishi makubwa kwamba unazungumza Kiswahili, na muuzaji naye akaniapia. Binti yangu ana miaka minne. Irabu zake tano alishazijua kwa kuziimba na mimi, a e i o u, na alishaanza kuunganisha: ma, ma, mama. Nikasema sasa apate kitu cha kumsogeza mbele hata nikiwa na kazi.

Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Wimbo, taa, makofi. Siku ya pili au ya tatu, nikiwa nakunja nguo, nikausikia ubao unamuuliza, "Iko wapi ii?" Binti akabonyeza I bila kusita. "Jaribu tena!" Akanitazama. Akabonyeza ileile, safari hii kwa kidole gumba na kwa nguvu, kama mtu anayedhani hakusikika. "Jaribu tena!" Mara ya tatu aliinama mpaka pua ikagusa plastiki, akaikagua ile herufi, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, si hii hapa?"

Ndiyo hiyo, mwanangu. Ulikuwa umepatia.

Nikakaa chini nikabonyeza vitufe vyote kimoja kimoja. Kiswahili cha ubao huu ni "iko wapi", "hongera" na "jaribu tena", basi. Majina ya herufi yote ni ya Kiingereza. Kwa Kiingereza E inaitwa "ii", A inaitwa "ei", I inaitwa "ai". Nilipobonyeza R ikatoka "aa" safi kabisa! Kwa hiyo mtoto anayejua irabu za Kiswahili akiulizwa "ii" anabonyeza I na kuambiwa amekosea, akiulizwa "aa" anabonyeza A na kuambiwa amekosea. Asiyejua chochote angalau anabahatisha. Anayejua ndiye anayeadhibiwa.

Picha nazo ni balaa. Kwenye C kuna paka, kwenye E tembo, kwenye L simba. Kwa Kiingereza zinaeleweka. Wangu akawa anatembea nyumba nzima akisema "el, simba", kwa kujiamini kabisa, nami nikawa sina la kumwambia. Q na X zipo, ambazo kwa maneno ya Kiswahili hazina kazi, lakini ch, sh, ny na ng' hutazikuta popote. Mtoto atajifunzaje kusoma "nyumba" au "ng'ombe" hapo?

Nikampigia muuzaji. Nilianza kwa upole, nikamsalimia, nikamweleza. Hakuniacha nimalize. "Mama, hicho ni kifaa cha kimataifa. Tatizo siyo kifaa, mtoto wako ndiye hajazoea. Wenzako wote wanafurahia." Nikamwambia mwanangu amepatia, mashine ndiyo iliyokosea. Akacheka. Nilisikia kabisa anacheka, kisha akasema, "Mashine haikosei, mama," akakata simu. Ningeweza kuusamehe ubao, lakini kicheko kile bado kinaniuma.

Niseme haki, maana sitaki kumwonea mtu. Ubao ni imara, umedondoka mara nyingi na haujapasuka. Mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, na hilo ndilo jambo la kwanza nililolikagua, kwa sababu betri ndogo bapa za mviringo mtoto akiimeza moja inaweza kumuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa 2 tu. Sauti inapunguzwa. Na kwa nyumba inayozungumza Kiingereza huenda ukafaa. Nilikuwa nimeupa nyota tatu kwa sababu hizo.

Lakini hapana, hata huko sina hakika. Jina la herufi na sauti yake ni vitu viwili. "Em, ei, em, ei" haizai "mama" kwa mtoto yeyote. Kinachozaa ni mmm na a, vikisogezwa karibu mpaka vishikane. Kichezeo kinachotaja majina tu kinamfundisha mtoto kukariri orodha, na kusoma si kukariri orodha. Halafu herufi zote pale ni kubwa, wakati vitabu vya watoto vimejaa herufi ndogo. Nimeshusha hadi nyota mbili.

Nitawaambia nilichofanya. Boksi la ubao nililikata vipande vya kadibodi, nikakata herufi ndogo kwenye msasa laini, nikabandika kwa gundi. Mbinu hii si yangu. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo kule Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa kidole huku wakitamka sauti, si jina. Binti yangu anapitisha kidole kwenye m taratibu, nundu ya kwanza, nundu ya pili, huku akivuta mmmm mpaka pumzi inakaribia kumwishia. Kisha anaiburuta a mpaka zigusane. "Ma!" Ng na ny nimeziweka kila moja kwenye kadi yake, na ng' ameipenda kuliko zote kwa sababu inamtetemesha puani.

Mkienda kununua, msisome boksi. Ombeni kiwashwe, bonyezeni E. Ikisema "ii", rudisheni kabatini. Bonyezeni A na R. Kama muuzaji hataki kukiwasha, ondokeni. Zile herufi za sumaku ni nzuri kwa kupanga silabi, ila ziwe kubwa na sumaku iwe imefunikwa vizuri, maana sumaku mbili zikimezwa huvutana ndani ya tumbo na kubana utumbo.

Ubao wenyewe? Niliutoa betri wiki kama mbili zilizopita, nikidhani nitautupa. Jana nikamkuta ameuweka mapajani, anajiuliza na kujijibu mwenyewe. "Iko wapi i?" Akabonyeza I. Kimya. "Hongera!" akajipigia makofi. Kwa hiyo bila betri una faida, na huenda ningeacha zile nyota mbili. Lakini leo asubuhi, wakati anavaa viatu, alifika kwenye neno lenye i, akasimama, akaniangalia usoni kwanza kabla ya kulitamka. Hakuwa na woga huo kabla ya ubao huu. Nyota moja, na muuzaji huyo sirudi kwake.