WhatsApp Business katika duka la vitenge: faida yake iko mbali na katalogi

Tangu ilipotolewa mwaka 2018, programu ya WhatsApp Business imeingia katika maduka mengi madogo, na wenye maduka wengi huishia kwenye kupanga picha za bidhaa. Katalogi inafaa: hubeba hadi bidhaa 500 pamoja na bei zake, na mteja aliyeko Mwanza haimlazimu tena kumwomba muuzaji wa Kariakoo picha mojamoja. Hata hivyo, katika duka la vitenge na ushonaji ninapofanya kazi, kilichotufaa zaidi ni majibu ya haraka na lebo.

Majibu ya haraka ni maelezo yanayohifadhiwa mara moja, kisha kuitwa kwa kuandika alama ya mkwaju na neno fupi. Kabla ya kuyaandika ilitubidi tukubaliane: kitenge kikichuja rangi kinarudishwa kwa masharti gani, bei ya jumla inaanzia jora ngapi, na gauni la shughuli linaanza kushonwa baada ya malipo ya awali ya kiasi gani. Awali kila muuzaji alikuwa na jibu lake, na mteja ndiye aliyeumia. Sasa mfanyakazi mgeni huyasoma majibu hayo kwanza akaujua msimamo wa duka, na swali jipya linapojirudia tunaliandikia jibu.

Lebo nazo, kama "anasubiri vipimo" au "mzigo umetumwa", humwezesha yeyote aliye zamu kuendelea pale mwenzake alipoachia, bila kumhoji mteja upya.

Matangazo ya pamoja huwafikia wale tu waliohifadhi namba ya duka, tena si zaidi ya watu 256 kwa orodha moja. Wengine huliona hilo kuwa kasoro, lakini mimi naona linamlinda mteja. Upungufu halisi uko kwenye hesabu. Programu haimwonyeshi mwenye duka kitenge kipi kinakaribia kwisha, na mteja anayelipa kwa Lipa Namba hulipia nje ya programu, hivyo muuzaji hulazimika kuthibitisha malipo mwenyewe. Daftari bado tunalihitaji.

Naipendekeza kwa moyo wote, kwa sharti kwamba laini iwe ya biashara na nakala rudufu iwashwe tangu mwanzo, kwa sababu muuzaji anayetumia laini yake binafsi akiacha kazi huondoka na mazungumzo yote ya wateja.