Tathmini ya huduma ya usuluhishi wa familia: vikao vitatu kuhusu mafuta

Huduma ninayoitathmini ni ya usuluhishi wa mazungumzo ya familia kwa njia ya video. Mteja hujaza dodoso, hupangiwa mwezeshaji, hufanya vikao vitatu vya dakika 90 kila kimoja, na baada ya hapo hupokea muhtasari wa maandishi. Kampuni inayoitoa sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya kasoro nitakazoeleza ni za mtu mmoja, na yumkini mwezeshaji mwingine asingekuwa nazo. Tuliinunua kwa sababu familia yetu ilikuwa imefika mahali ambapo hatuwezi kukaa pamoja nusu saa bila habari ya uchimbaji wa mafuta kuzuka na mtu mmoja kuondoka kwa hasira.

Baba alifanya kazi kwenye mitambo ya kuchimba mafuta baharini hadi alipostaafu. Kaka yangu mkubwa yumo katika kazi hiyo hiyo hadi leo, upande wa matengenezo ya visima. Mimi hupima maji na udongo katika maabara, na msimamo wangu ni kwamba visima vipya visifunguliwe. Mama hana upande, au ndivyo alivyojaza kwenye dodoso. Karo yangu, tangu darasa la kwanza hadi chuo, ililipwa na mshahara wa Baba; jambo hilo hutajwa mapema katika kila ugomvi wetu, na sijawahi kuwa na jibu lake linaloniridhisha hata mimi mwenyewe.

Dodoso lenyewe ni zuri kuliko nilivyotarajia. Maswali mengi ni ya kawaida, lakini lipo moja lililonichukua jioni mbili: ni jambo gani ambalo likithibitishwa mbele yako utabadili msimamo wako? Niliandika kwamba nitabadili nikionyeshwa njia ya kuinasa kaboni yote inayotokana na kuchoma mafuta, si sehemu ndogo tu inayonaswa viwandani. Kaka aliandika kwamba atabadili akionyeshwa kuwa nchi ikiacha kuchimba, matumizi ya dunia hupungua kweli, badala ya nchi nyingine kuziba pengo hilo kwa kuchimba zaidi. Baba aliacha nafasi wazi, kisha akatueleza kwamba amewahi kubadili mawazo mara nyingi maishani na hakuna aliyemtaka aandike. Majibu hayo matatu, kwangu, yalikuwa na thamani ya nusu ya ada nzima, kwani kwa mara ya kwanza niliona kwamba swali la kaka ni swali halali la uchumi, wakati kwa miaka yote nilikuwa nikilichukua kama kisingizio.

Kikao cha kwanza kiliendeshwa kwa kanuni moja: hutoi hoja yako mpaka uwe umeieleza hoja ya mwenzako, naye akubali kwamba umeieleza kama yeye mwenyewe angeieleza. Ukisikia habari hiyo unadhani ni mchezo wa watoto. Mimi nilishindwa mara tatu. Hoja ya kaka ilikuwa hivi: dunia hutumia takriban mapipa milioni 100 ya mafuta kwa siku, pipa moja likiwa na lita 159, na mahitaji hayo hayatoki kwa wachimbaji bali kwa watu wanaosafiri, wanaosafirisha bidhaa, wanaojenga barabara za lami na wanaotumia plastiki hospitalini, kwa hiyo anayetaka mafuta yaachwe ardhini aanze na mtumiaji, si na fundi wa kisima. Kila nilipoirudia nilichomeka neno langu. Mara ya kwanza nilisema "wanadai", mara ya pili nikasema "kwa maslahi yao", na mara ya tatu nilicheka. Kaka aliniambia, kwa sauti ya upole ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu, "Mdogo wangu, usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Mwezeshaji alimkumbusha kwamba methali haziruhusiwi katika zamu ya kusikiliza. Nilipofaulu mara ya nne nilikuwa nimetoka jasho.

Kisha ikafika zamu ya Baba kuieleza hoja yangu kuhusu uchomaji wa gesi kisimani. Nilikuwa nimesema kwamba gesi inayotoka pamoja na mafuta ghafi, kama hakuna bomba la kuipeleka sokoni, huchomwa hewani kwa mwali usiozimwa usiku wala mchana, na kwamba sehemu isiyoungua huvuja kama methani, ambayo katika kipindi cha miaka 20 hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Baba alivua miwani, akaishika mkononi muda kidogo. Akasema kwamba zamu zake za usiku alizifanya chini ya mwali huo. Kwamba saa sita usiku aliweza kusoma gazeti sitahani bila taa. Kwamba upepo ukigeuka joto lake lilimpiga usoni, na ndege waliokuwa wakihama walizunguka mwanga huo mpaka asubuhi wakiwa wamepotea njia. Kisha akasema, "Anachosema mwanangu ni kwamba ile ilikuwa hasara, na sisi tuliizoea." Sijawahi kuieleza hoja yangu vizuri kiasi hicho. Kwa kikao hicho pekee ningeipa huduma hii alama zote.

Kikao cha pili ndicho kilichoniudhi. Kilikusudiwa kutenganisha mambo ya hakika na mambo ya maoni, na mwezeshaji alifungua jedwali la safu mbili kwenye skrini. Tulianza vizuri. Nilieleza kwamba lita moja ya petroli huzalisha takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi inapoungua. Kaka akauliza inawezekanaje, maana lita hiyo yenyewe haifiki hata kilo moja. Swali lake lilikuwa zuri, na nililijibu kwa karatasi na kalamu mbele ya kamera: kila atomu ya kaboni iliyomo kwenye petroli huungana na atomu mbili za oksijeni kutoka hewani, na oksijeni hiyo ndiyo inayoongeza uzito. Kaka alikokotoa upya kwa simu yake, akanyamaza, akasema sawa. Mwezeshaji, ambaye tayari alikuwa ameiandika hesabu hiyo kwenye safu ya maoni, hakuihamisha. Tulipomwomba aihamishe, wote wawili, mimi na kaka, alijibu kwamba kazi yake ni kutopendelea upande wowote.

Kosa hilo si dogo, na ndilo litakalomfanya mteja wa suala kama letu afikirie mara mbili. Msuluhishi anayeshughulikia ndugu waliogombania nyumba hahitaji kujua kemia. Lakini katika ugomvi wa mafuta na mazingira, nusu ya mambo yanayobishaniwa yana jibu, na asiyejua ni yapi huishia kuyaweka yote kwenye mizani moja kana kwamba uzito wa atomu hutegemea malezi ya mtu. Hali hiyo haikunikwaza mimi peke yangu. Kaka aliposema kwamba baada ya ajali ya mtambo wa mafuta wa Piper Alpha ya mwaka 1988 katika Bahari ya Kaskazini, iliyoua watu 167, uchunguzi rasmi ulitoa mapendekezo 106 yaliyobadili kabisa usalama wa kazi baharini, hilo nalo likaandikwa safu ya maoni. Nilimtetea. Kwa dakika kumi hivi tulikuwa upande mmoja dhidi ya jedwali, jambo ambalo sidhani kama lilikuwa sehemu ya mpango wa huduma, ingawa lilifanya kazi.

Kasoro nyingine ilikuwa kengele. Kila mtu alipewa dakika nne za kuzungumza, na mshale ulizunguka kwenye kona ya skrini hadi kengele ilipolia na kipaza sauti kuzimwa chenyewe. Kwa mabishano yetu ya kawaida, ambayo mimi na kaka huongea kwa pamoja, utaratibu huo ulisaidia sana. Ila kengele ilimkatiza Baba alipokuwa akisimulia jinsi mazoezi ya mashua za kuokolea watu yalivyokuwa mzaha kwao hadi zilipofika habari za Piper Alpha, na jinsi kwenye zoezi lililofuata hakuna aliyesema neno. Alikuwa amefika kwenye "hakuna aliyesema" sauti ilipokatika. Alibaki akifumbua na kufumba mdomo kwenye skrini bila kusikika, kisha akajua, akaegemea kiti. Mwezeshaji alishukuru, akamwita Mama. Mama alisema anampa Baba dakika zake nne, na alijibiwa kwamba dakika hazihamishiki.

Kikao cha tatu kilihusu hofu na matumaini ya kila mmoja. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa maneno hayo hunukia mahubiri, lakini mwezeshaji alikuwa hodari zaidi hapa kuliko kwenye takwimu. Alituuliza ni mahali gani ambapo yale yaliyoletwa na mafuta yanatupa matumaini, au hofu. Kaka alitaja Norway: eneo kubwa la mafuta la Ekofisk liligunduliwa mwaka 1969, fedha za mafuta zikaanza kuwekwa kwenye mfuko wa akiba mwaka 1996, na leo mfuko huo ni miongoni mwa mifuko mikubwa zaidi ya uwekezaji duniani. Nikasema kwamba nchi hiyohiyo hupata sehemu kubwa sana ya umeme wake kutokana na nguvu za maji na huuza mafuta yake yakaunguzwe kwingine. Kaka alikiri kwamba hilo humkera hata yeye.

Mimi nilitaja Ogoni, katika Delta ya Niger nchini Nigeria. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2011 ilikuta kwamba watu wa sehemu moja ya eneo hilo walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali ya mafuta inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mahali pamoja tabaka la mafuta yaliyosafishwa lenye unene wa sentimita 8 lilikuwa likielea juu ya maji ya ardhini. Ripoti hiyo ilikadiria kwamba kulirejesha eneo hilo katika hali yake kungechukua miaka 25 hadi 30. Mimi hupima maji kwa riziki yangu, kwa hiyo nilieleza maana yake: kifaa cha maabara kikitoa tarakimu kama hiyo, jambo la kwanza analofanya mpimaji ni kudhani kifaa kimeharibika. Baba aliuliza maswali ya kifundi tu, kuhusu umri wa mabomba, nani alikuwa na wajibu wa kuyakagua, na valvu zilikuwa umbali gani. Mwezeshaji alidhani Baba anakwepa, akamwomba ataje hisia zake. Alikuwa hajamwelewa. Baba akiuliza umbali wa valvu, amekasirika.

Hapo ndipo lilipojitokeza ambalo miaka yote hatukuwa tumelitamka wazi. Kaka hapingi kwamba kuchoma mafuta kunabadili tabianchi, nami sipingi kwamba dunia haiwezi kuyaacha kesho asubuhi. Tofauti yetu ni nani apangiwe kuacha kwanza, na nani amlipe. Nilipotaja kwamba wapigakura wa Ecuador waliamua mwezi Agosti 2023, kwa takriban asilimia 59, kusitisha uchimbaji katika sehemu ya hifadhi ya msitu ya Yasuní, kaka hakuuliza kuhusu msitu. Aliuliza wale waliokuwa wakifanya kazi kwenye visima hivyo wamepelekwa wapi. Sikuwa na jibu, na muda ulikuwa umekwisha.

Muhtasari wa maandishi ulitufikia baada ya siku tano, nao ni sehemu dhaifu kuliko zote. Umeandikwa kwa lugha laini mno, ya aina ambayo kila mtu "anathamini mtazamo wa mwingine", na katika ukurasa wa pili maneno ya kaka yamewekwa chini ya jina langu, na yangu chini ya jina lake. Kwa mujibu wa hati hiyo, mimi ndiye ninayetaka mtumiaji aanze kubadilika kabla ya mchimbaji, na kaka ndiye anayedai visima vipya visifunguliwe. Baba aliusoma wote, akasema kwamba huyu mwezeshaji angalau ametupatanisha mimi na kaka kwenye karatasi. Simulizi yake ya mwali wa gesi haimo kabisa. Niliandika kuomba marekebisho, nikajibiwa siku iliyofuata kwamba ombi langu limepokelewa.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Nyota hizo ni za dodoso na za kikao cha kwanza, na ningemshauri mteja aulize mapema kama inawezekana kununua kikao kimoja tu, sisi hatukuuliza. Kwa familia inayogombana kuhusu jambo lenye sayansi ndani yake, itafutwe huduma yenye mwezeshaji aliyesoma walau misingi ya jambo hilo, au wanafamilia wakubaliane wao wenyewe kabla ya kikao cha pili ni takwimu zipi hawazibishanii, wazipeleke zikiwa zimeandikwa. Wenye wazee wanaosimulia polepole waombe kengele izimwe. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba mteja ana haki ya kuomba hivyo, ila haki hiyo haijaandikwa popote kwenye maelezo ya huduma.

Kikao cha ziada tulichopewa kwa punguzo hatukukichukua. Kaka ananitumia majedwali ya ajira za mafundi wa visima, mimi namtumia ripoti za maji, na Jumapili iliyopita Baba aliimaliza ile habari ya zoezi la mashua. Ilimchukua dakika ishirini na mbili. Muhtasari uliosahihishwa bado haujafika.