Sin Suối Hồ, kijiji cha Wahmong: panga ulale Ijumaa

Kati ya vijiji vya Wahmong, kabila la milimani, vinavyopokea wageni kaskazini mwa Vietnam, hiki tunakiweka juu ya kile cha Cát Cát pale mji wa Sa Pa, ambako siku hizi unakata tiketi ya kuingia na kupita katikati ya maduka ya zawadi. Sin Suối Hồ kipo mkoa wa Lai Châu, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na mwaka 2023 kilipata tuzo ya utalii wa jamii ya ASEAN, jumuiya ya nchi za Asia ya Kusini-Mashariki. Tuzo haikupunguza umbali.

Safari ndiyo inayokipunguzia alama. Kutoka Hanoi hadi mji wa Lai Châu ni karibu kilomita 400 kwa basi la vitanda, nalo husafiri usiku. Unavua viatu mlangoni, unapewa mfuko wa plastiki wa kuvitia, kisha unapenyeza miguu kwenye kisanduku kilichopimwa kwa watu wafupi. Chukua kitanda cha chini: baada ya Sa Pa basi linapanda kona za barabara ya mlimani ya Ô Quy Hồ, na wa juu ndio wanaoyumba zaidi. Dawa ya kichefuchefu meza kabla ya kupanda, maana kona zikishaanza haisaidii kitu. Ukishuka Lai Châu zimebaki kama kilomita 30, kwa teksi au pikipiki ya kukodi. Kwa pikipiki, leseni ya kimataifa iwe ya mkataba wa usafiri barabarani wa 1968. Ile ya 1949 Vietnam haiitambui, na bima inaweza kuitumia kama sababu ya kukataa kulipa ukianguka.

Pesa toa hukohuko mjini. Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu. Kwenye mwanga hafifu ni rahisi kulipa mara 25 ya bei, kwa hiyo zitenge mifuko tofauti.

Malazi ni ya nyumbani kwa watu: godoro sakafuni, blanketi zito, chandarua, na pazia badala ya mlango. Usiku hauna faragha, na jogoo hana adabu. Mwenyeji ataomba pasipoti akusajili polisi, ndiyo sheria ya nchi.

Sifa kubwa ya kijiji hiki ni kwamba hakuna pombe. Wenyeji waliachana na kasumba, yaani afyuni, kisha wakaacha na ulevi. Kwingineko milimani mgeni hushikiwa kikombe cha gongo ya mahindi na kukataa kunaonekana kiburi. Hapa hilo halipo.

Chakula kinataka maelezo zaidi kwa Mwislamu. Kusema huli nguruwe hakutoshi, kwa sababu mboga hukaangwa kwa mafuta yake. Utaletewa sahani isiyo na nyama yenye mafuta yaleyale. Andika kwenye simu "không thịt lợn, không mỡ lợn" (bila nyama ya nguruwe, bila mafuta ya nguruwe) na uombe mboga za kuchemsha. Anayeshika sharti la kuchinja abaki na mayai ya kuchemsha, wali na mboga. Jaribu pia mèn mén: unga wa mahindi hunyunyiziwa maji, hupikwa kwa mvuke, huvunjwavunjwa, hunyunyiziwa tena na kurudishwa kwenye mvuke. Usitarajie ugali, hausongeki wala haushikani. Bila mchuzi unakaba koo.

Septemba mpunga wa kwenye matuta unakuwa wa dhahabu, nao ndio mwezi tunaoupendekeza. Julai na Agosti mvua huporomosha udongo barabarani. Januari ni baridi kali na ukungu, ila okidi ambazo karibu kila ua umezipanga huchanua kuelekea Tết, mwaka mpya wa Kivietnam.

Soko ni Jumamosi, na linachangamka asubuhi. Ndiyo maana tunasema ulale Ijumaa. Utakuta sketi za marinda, mboga za milimani, na vitambaa vya nili vilivyochorwa kwa nta ya nyuki. Kabla ya kununua, sugua kitambaa kwa kidole kilicholowa. Kidole kikigeuka buluu, rangi bado inachuja: haimaanishi ni kibovu, lakini kifunge peke yake kwenye mfuko, na nyumbani kifue kwa maji baridi mbali na nguo nyeupe mpaka maji yatoke safi. Kisichochuja kabisa na kinauzwa bei ya chee, huenda kimepigwa chapa kiwandani.